Nafasi ya Noella

Blandine alikuwa mwoga, na hakuna aliyebishana juu ya hilo, hata yeye mwenyewe. Pale Kansanga, mjini Kampala, katika kanisa la Wakongomani wenzake, walimwita Mama Tahadhari. Pikipiki ikipiga mlipuko barabarani, yeye alikuwa tayari chini ya meza. Mawingu yakianza kunguruma, alizima simu za nyumba nzima, pamoja na za wageni. Mtungi wa gesi aliuweka nje ya mlango, akaufunga mnyororo, na bado alitoka kuuchungulia kana kwamba unapanga njama. Watu walimcheka, naye akacheka pamoja nao. Kwa mwoga huenda kicheko, wahenga walisema, kwa shujaa huenda kilio. Na Blandine kilio alikwisha kukionja, akaona bora wamcheke.

Kitu kimoja tu hakukifanyia mzaha, nacho ni gati. Alikuwa mkaanga samaki kwenye ufukwe wa Tamim, kule Ggaba, na tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kutia mguu juu ya gati lile la mbao lililoingia ziwani. Wateja walipenda kukaa huko mwisho, chini ya miavuli, wale ngege, samaki wa ziwa lile, huku wanapigwa upepo. Sahani zao zilipelekwa na wengine. Yeye aliishia kwenye mchanga. Ukimuuliza sababu alikwambia ana kizunguzungu, lakini binti yake wa pekee, Princesse, aliijua sababu yenyewe, na sababu hiyo ilikuwa na jina.

Jina lake Noella, dada mkubwa wa Blandine. Kule kwao Kivu, siku walipokuwa wanakimbia vita, watu walijazana juu ya gati wakingoja boti. Gati likalia, likayumba kidogo. Pengine lingestahimili, Mungu ndiye ajuaye. Lakini mtu mmoja akapiga ukelele, "Inaanguka!" na umati mzima ukarukia upande mmoja, wa nchi kavu, na hapo ndipo nguzo zilipokatika. Blandine aliokotwa amemeza maji. Noella hakuonekana siku ile, wala kesho yake, wala hata leo. Princesse alilelewa na kisa hicho, na kila mara mama yake alikimalizia kwa maneno yaleyale, kwa Kiswahili cha kwao ambamo watu ni batu na ndiyo ni njo: "Haikuwa gati njo iliua batu. Ni mbio."

Sasa Princesse alikuwa anaolewa. Mume alikuwa Ojera, kijana mpole, mwana wa mzee Ogwal, polisi mstaafu kutoka kaskazini, mtu wa kabila la Walango aliyezeeka katika kambi za askari na ambaye bado alivaa kofia yake kana kwamba gwaride linamngoja. Jamaa hizi mbili hazikuwa na lugha nyingine ya kuzungumza ila Kiswahili, na kila upande ulikivunja kwa namna yake. Walielewana vizuri tu. Ogwal alimwita Blandine "Mama Princesse" kwa heshima zote, na Blandine alimwita "Afande" hata alipomkaribisha chai.

Tamim, mwenye ufukwe, ambaye ulimi wake ulichanganya r na l, ndiye aliyesema harusi ifanyike kwake. "Halusi itakuwa hapa hapa, Blandine," alisema. "Wewe ni mutu yangu. Mimi nitapaka gati langi mupya, watu wapige picha." Akalipaka kweli, buluu na nyeupe, likang'aa. Tamim alikuwa mtu mwema, ila wema wake uliishia pale macho ya mteja yalipoishia. Mbao za juu alizibadilisha kila zilipopasuka. Za chini, nani azione?

Jumatano ya wiki ile ya harusi Blandine alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya nguzo ya kwanza, miguu mchangani, anapara samaki. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma kidogo, likaacha nguzo wazi pale ambapo maji hupanda na kushuka. Kitenge chake kikalegea. Ili apate mikono miwili ya kukifunga, akakichomeka kisu kwenye nguzo, kwa wepesi tu, kama mtu anayetundika kofia msumarini. Kisu kikaingia mpaka kwenye mpini.

Hakuamini. Akakivuta, kikatoka na uji mweusi unaonuka tope. Akajaribu nguzo ya pili, taratibu, kwa ncha tu. Ikapokea kisu kama muhogo uliopitiliza jikoni. Juu, rangi mpya ya buluu iling'aa. Chini, kwenye mstari wa maji, hakukuwa na kitu cha kushikilia hata sufuria. Kiswahili nacho kina vituko vyake: mbao huoza, na mzazi naye huoza binti. Mama Tahadhari alikuwa karibu kuoza binti juu ya mbao zilizooza.

Alimwita Pitshou, mtunza ufukwe. Pitshou alikuwa Mkongomani pia, lakini mtoto wa askari, aliyekulia katika kambi walikosema Kilingala, hata Kiswahili chake kilijaa maneno ya huko. Pitshou akachuchumaa, akachoma nguzo kwa bisibisi. Kisha akapanda juu, akaruka mara moja pale katikati, akasikiliza.

"Mama, hii haiko ya kutengeneza tena," alisema. "Ukiona mbao ya juu imepasuka, unabadilisha mbao. Ukiona nguzo iko namna hii, ni kung'oa yote, kuweka ingine."

Tamim alipoambiwa alicheka mpaka akashika kiuno. "Blandine! Wewe unaogopa mpaka kuku!" Lakini alipoona macho yake hayacheki, akapoa. Gati lote lingeng'olewa baada ya harusi, alisema. Kwa sasa fundi Bonny wa Bwaise angekuja kusimamisha nguzo mpya kando ya zile mbovu. "Pitshou atamuita. Atabadirisha, utaona. Kweri kweri."

Tangu Alhamisi Blandine hakwenda kazini, na Ijumaa alikuwa bado nyumbani. Nyumba ya Kansanga ilikuwa imejaa wanawake wanaochambua sombe, yale majani ya muhogo, wanaopiga pasi, wanaogombana juu ya vitambaa. Princesse alikuwa ameketi sakafuni anasukwa. Tangu asubuhi alikuwa amemsikia mama yake akiulizia breki za gari la maharusi, kamba za hema, na kama keki inaweza kumkaba mtu. Akamshika mkono.

"Maman, niko nakuomba kitu kimoja. Kesho usiogope. Siku moja tu. Batu ba Ojera bote batakuwa pale, bakuone mama ya bibi harusi, basione Mama Tahadhari."

Blandine alitazama kichwa kile kidogo alichokisuka mwenyewe miaka yote. "Sitaogopa," alisema.

"Ahidi."

"Nimeahidi."

Na palepale, kabla ahadi haijapoa, akatoka uani akampigia Pitshou simu. Simu ilikoroma. Nyuma yake wanawake walikuwa wameanza kuimba. "Pitshou! Fundi wa nguzo?" alipaza sauti.

"Lobi, mama!" sauti ya Pitshou ilijibu toka mbali. "Fundi ni lobi! Usijali!" Simu ikakatika.

Hapa msomaji anisubiri kidogo. Kwa Kilingala, lobi ni jana. Lobi pia ni kesho. Ni siku iliyo jirani na leo, upande wowote uupendao, na mwenye lugha hujua upande kutokana na maneno mengine yanayoifuata. Blandine alilijua neno hilo vizuri. Siku nyingine yoyote angepiga tena, angeuliza, "Lobi ya nyuma ao ya mbele?" na pengine angepanda gari mpaka Ggaba kutia kisu mwenyewe. Lakini alikuwa ameahidi. Alisimama pale uani na neno lenye milango miwili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akachagua mlango usio na hofu. Jana, alijiambia. Fundi alikuja jana. Akarudi ndani kuchambua sombe, moyo mweupe.

Jioni ile ikanyesha mvua kubwa.

Jumamosi kulikucha jua safi. Kanisani kila kitu kilikwenda sawa, Ojera akalia kabla ya bibi harusi, watu wakamtania. Kisha msafara ukashuka mpaka ufukweni. Blandine alikwenda moja kwa moja jikoni, maana sombe ya watu wengi haipikwi na mgeni, na ndiyo sababu hakuliona jambo la kamba. Alielezwa baadaye. Pitshou asubuhi alikuwa amefunga kamba mwanzoni mwa gati, akaning'iniza kitambaa chekundu kuzuia watu. Halafu akatumwa Ggaba sokoni kutafuta barafu. Rukiah, mpambaji, alipofika akaiona kamba na kitambaa, akaona wazo zuri ila limepungukiwa, akaongeza maua. Mshereheshaji alipoyaona maua akauliza mkasi uko wapi. Basi Princesse na Ojera wakaikata ile kamba mbele ya kamera, vigelegele vikapaa, na harusi nzima ikaingia juu ya gati.

Blandine jikoni alivisikia vigelegele vile, akatabasamu peke yake.

Alipofika mlangoni na sinia la samaki aliwaona. Mwisho kabisa wa gati palikuwa na kochi jekundu la maharusi. Kando yake meza ya keki, na spika kubwa iliyovutiwa waya toka jikoni. Katikati kwaya ya kanisa na wajomba wa Ojera walikuwa wamechanganyika, wanacheza, wanafundishana kukata mabega. Mzee Ogwal alikuwa humo, kofia kichwani, anacheza kwa kupiga mguu chini kwa nguvu. Nguzo ni mpya, alijikumbusha. Bakuone mama ya bibi harusi. Akalazimisha meno yatoke nje.

Hapo Pitshou akaingia kwa mlango wa nyuma na gunia la barafu begani.

"Pitshou, mwanangu," Blandine alimwambia, "aksanti kwa nguzo."

"Nguzo gani, mama?"

"Za Bonny. Si ulisema lobi?"

"Ee, lobi. Leo." Pitshou alitua gunia. "Hakukuya. Bwaise yote ni maji tangu ile mvua, amekwama kwake na vyombo vyake. Lakini nimefunga kamba, hakuna mutu ataingi..." Akageuka, akaona.

Gunia likaanguka, barafu ikamwagika sakafuni.

Hofu aliyoizoea Blandine ilikuwa ya kelele: kuruka, kupiga ishara ya msalaba, kuuliza maswali kumi. Hii haikuwa hiyo. Hii ilimshuka kimya toka utosini hadi kwenye magoti, na masikio yakaziba kama mtu aliyezama. Kupitia mlango wa jikoni aliuona ule mstari mweupe wa rangi ubavuni mwa gati. Ulikuwa unakwenda kushoto na kurudi kulia, ukifuata ngoma. Walipopiga mguu, mstari ulikwenda. Walipoinua, ulirudi. Na kila uliporudi ulichelewa kidogo zaidi. Princesse wake alikuwa huko mwisho kabisa, kochini, maji pande zote tatu.

Pitshou alivuta pumzi ili apige kelele. Kiganja cha Blandine kikamziba mdomo kwa nguvu ambayo hata yeye hakuijua.

"Hapana kelele," alimwambia sikioni, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Ukisema inaanguka, batakimbia. Bakikimbia, bamekufa. Enda utoshe waya ya muziki. Tembea. Usikimbie hata weye."

Pitshou akaenda kuchomoa waya. Blandine akasimama, anafikiri. Afanye nini? Akitangaza chakula, watakimbia. Nani asiyejua watu na chakula cha harusi? Akiita picha, watasukumana. Akisema mvua inakuja, watakimbia zaidi ya wote. Aliwageuza watu wake kichwani, wakubwa kwa wadogo, akitafuta jambo moja duniani ambalo hawaliendei mbio. Akalipata, na alipolipata akatamani asingelipata. Ni maziko.

Katika kanisa lile walikuwa na wimbo wa kusindikiza, waliokuja nao toka kwao. Ukianza, ngoma hunyamaza. Hakuna anayecheza, hakuna anayegeuka nyuma. Watu hutembea mmoja mmoja, na kila mtu huacha nafasi mbele yake, ya mtu mzima, ili aliyekufa apate pa kutembea kati yao. Mtoto wa miaka mitano anajua kuiacha nafasi ile. Kuuimba harusini ni balaa lisilosemeka. Kuuimba kwenye harusi ya binti yako, mbele ya wakwe, ni kumlaani.

Muziki ukakatika. "Umeme wa Kampala!" mtu alipiga kelele kule gatini, watu wakacheka, gati likaendelea kuyumba peke yake kwa muda bila ngoma. Blandine alitoka jikoni, akavuka mchanga, akasimama pale penye vipande vya kamba na maua. Ncha za mbao za buluu zilikuwa mbele ya vidole vyake. Akafungua kinywa.

*Polepole tumsindikize, njia ni ndefu, usigeuke.*

Sauti ilitoka inatetemeka, na mtetemeko ule ndio uliowafanya waamini. Kicheko kikazimika. Wanawake wa kwaya waligeuka, wakamtazama, mikono bado hewani. Mmoja akashika shavu. Nani amekufa? Uliona swali likipita usoni kwa kila mtu, nani, lini, simu imetoka wapi? Lakini wimbo ule mtu haachwi auimbe peke yake, na wanawake wale walikuwa wamezika wengi mno kuweza kusahau. Wakaitikia kwa chini. Mikono ikashuka. Yule wa kwanza akageukia nchi kavu, akaanza kutembea. Wa pili akaacha nafasi, akafuata.

Wajomba wa Ojera hawakuujua wimbo. Lakini mzee Ogwal alikuwa amezika askari wenzake maisha yake yote, akaujua mwendo. Kofia ikatoka kichwani, ikaenda kifuani. Akasema neno kwa Kilango, na watu wake wakajipanga nyuma ya wale wa kanisa, hatua za pole, vichwa chini. Walipofika pahali pa jina katika wimbo, *fulani anakwenda, fulani anafika*, wote walinyamaza, maana hakuna aliyejua jina la marehemu. Walimtazama Blandine awape. Hakuwapa. Hakuwa nalo, alikuwa anaimba ili mdomo wake usipige kelele.

Ogwal alipofika kwake alisimama. "Mama Princesse, ni nani?" alinong'ona. Blandine, bila kukata wimbo, alishusha macho yake kwenye nguzo. Ogwal akayafuata. Wakati ule ule mbao moja katikati ililia, mlio mrefu, na kipande cha nguzo kikajitenga chenyewe na kuanguka majini. Uso wa mzee ukawa majivu. Lakini alikuwa Afande. Alishuka mchangani, akasimama mkabala na Blandine, akawageukia waliobaki, na kwa sauti ya chini kabisa ya gwaride akasema, "Mwendo wa pole. Moja moja. Hapana songa."

Walishuka. Wazee, wasimamizi, mpiga picha aliyekumbatia kamera yake. Kila mguu uliogusa mchanga, Blandine aliusikia kifuani. Mstari mweupe sasa haukurudi ulikotoka. Ulikuwa umelalia kushoto na kubaki huko.

Wakabaki wawili.

Princesse hakuwa ameondoka kochini. Alikuwa amesimama, shela mkononi, na hata kwa mbali Blandine aliona jinsi anavyotetemeka, si kwa hofu. Ojera alikuwa anamvuta mkono taratibu, naye anakataa.

"Maman, uliahidi!" alipaza sauti. Sauti ilivunjika. "Siku moja! Siku moja tu nilikuomba! Sitoki hapa. Zika peke yako!" Akapiga mguu chini. Gati zima likashtuka.

Blandine alitaka kukimbia. Miguu yake, iliyokataa magati maisha yote, sasa ilitaka kukimbia juu ya lile pale, imfuate mtoto wake. Mkono wa Ogwal ukamshika bega. Uzito mmoja zaidi, na wote wawili walijua. Kumwambia linaanguka? Msichana mwenye viatu virefu, gauni mpaka chini, angeruka na kukimbia, na mbio zile Blandine alikuwa amekwisha kuziona. Wimbo ulikuwa umefika tena pahali pa jina, na watu wote mchangani walikuwa wamenyamaza, wanangoja.

Akaliimba.

*Noella anakwenda. Noella anafika.*

Wanawake wa kwaya walitazamana. Hawakumjua Noella. Wakwe hawakumjua Noella. Ufukweni pote palikuwa na mtu mmoja tu aliyelelewa na jina lile, na jinsi lilivyokufa, na maneno yanayolimalizia. Hasira ilimtoka Princesse usoni kama iliyofutwa kwa kitambaa. Alimtazama mama yake. Kisha akatazama mbao zilizo chini ya miguu yake.

Hakupiga kelele. Aliinama, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akaviweka juu ya kochi. Akamwambia Ojera kitu sikioni. Ojera akaanza kutembea, na Princesse akamwacha aende mbele, akaacha nafasi ya mtu mzima kati yao, kisha naye akatembea, gauni kakusanya mkononi, macho kwa mama yake, midomo ikifuata wimbo. Mbao zilikuwa zinalia chini yake moja baada ya nyingine. Blandine aliimba. Alikuwa hasikii tena anaimba nini. Ojera alifika, baba yake akamdaka. Princesse alikuwa bado yuko juu ya maji, hatua chache, usoni hana damu, na hakukimbia. Mtoto wa Mama Tahadhari hakukimbia.

Kidole chake cha mguu kilipogusa mchanga Blandine alimvuta kifuani kwa nguvu mpaka wote wawili wakaanguka.

Gati lilisimama kitambo, tupu, na rangi yake mpya. Tamim alikuwa ametokea ofisini mwake, anashuka kwa ghadhabu, anauliza ni nani amezima muziki na kuleta msiba kwenye halusi. Hakumaliza. Nguzo za mbele zilijikunja zote pamoja, bila haraka, kama magoti ya mtu aliyechoka. Meza ya keki ikateleza. Spika ikafuata. Kochi jekundu liliondoka mwisho, limekaa wima na viatu vya bibi harusi juu yake, likaelea kidogo, kisha maji yakalipokea. Hapo ndipo watu walipopiga kelele.

Kelele zilipopungua, Blandine alikuwa bado amekaa mchangani. Meno yalimgongana, mikono haikutaka kumwachia Princesse. Hofu yote aliyoizuia ilikuwa imerudi kudai nafasi yake. Mtu alimfunika kwa kitenge. Tamim alikuwa amechuchumaa pembeni, mikono kichwani, naye akawa ndiye pekee aliyeangalia nguzo.

Mzee Ogwal alisogea. Kofia ilikuwa bado mkononi.

"Mama Princesse," alisema polepole. "Sisi tumetembea nyuma ya mutu. Huyu Noella, ni nani?"

Blandine alijaribu kujibu, meno yakamkataza. Princesse ndiye aliyejibu, kichwa begani kwa mama yake.

"Ni mama yangu mukubwa, Baba. Alibaki kwa maji, kule kwetu. Hawakumupata. Hajazikwa."

"Hakuna mutu aliimbia yeye?"

"Hakuna. Mama alikataa, mupaka aonekane."

Ogwal aliyatazama maji, pale palipokuwa na gati. Akageuka akawaambia watu wake kwa Kilango, na wale wa kanisa wakaelewa bila kutafsiriwa. Walijipanga kando ya maji, jamaa zote mbili, kila mmoja akaacha nafasi kati yake na jirani. Kofia ya mzee ikarudi kifuani.

"Basi maliza, mama," alisema. "Hiyo wimbo haijaisha."

Blandine alifungua kinywa, na safari hii hakutoka kitu, ila kilio. Alilia kama mtoto, mdomo wazi, mbele ya wakwe, na hakujali. Princesse akajifuta uso kwa shela, akasimama pekupeku kwenye mchanga wenye maji, akamwinua mama yake, akauanza ubeti wa mwisho yeye. Walipofika pahali pa jina, wote walilitaja.